Mchezo upi wa mezani ununue kwanza: bao, keram, dhumna au Catan?

Mnunuzi wa mchezo wa mezani huvutwa kwanza na picha iliyo juu ya kasha, ilhali maswali mawili ndiyo yanayoamua kama mchezo huo utaendelea kuchezwa baada ya wiki za mwanzo. La kwanza ni kama kipande kikipotea kitapatikana kingine bila taabu. La pili ni kama kila anayeketi kucheza atalazimika kusoma Kiingereza. Michezo ifuatayo imepangwa kwa vigezo hivyo viwili, na bei imewekwa nyuma kwa sababu hutofautiana mno kati ya duka na duka.

Nafasi ya kwanza ni ya bao, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa makini zaidi. Bao la Kiswahili lina safu nne zenye mashimo manane kila moja, yaani mashimo 32, na huchezwa kwa kete 64. Vibao vingi vinavyouzwa katika maduka ya vinyago vina safu mbili za mashimo sita sita. Hivyo ni vya mchezo mwingine wa ukoo huohuo, na hakuna namna ya kunamua juu yake, yaani kuingiza kete za akiba moja moja mwanzoni mwa mchezo. Hata kibao cha safu nne kinahitaji kukaguliwa. Itazame nyumba, lile shimo la mraba ambalo kwa mchezaji ni la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele. Mchezo huanza na kete sita humo, lakini nyumba isipoliwa mapema hujaa haraka, kwa hiyo tia kete kumi na mbili ukiwa bado dukani, uone kama zinakaa bila kumwagikia mashimo jirani na kama vidole vinazichota zote kwa mara moja. Kibao chenye mashimo ya kina kifupi kinafaa kutundikwa ukutani tu. Mbao za mninga au mvule zilizokauka vizuri hudumu miaka mingi. Kagua ncha mbili za kibao, kwa maana ubao mbichi huanza kupasukia huko. Kibao cha kukunja chenye bawaba ni rahisi kusafiri nacho, ila hakikisha nusu zake zinakaa sawasawa zikifunguliwa. Kete za komwe ndizo bora kwa ulaini na uzito wake, na zikipungua, gololi huziba pengo. Kasoro ya bao ni moja: wachezaji ni wawili tu, na wengine wote hubaki watazamaji, ingawa watazamaji wa bao hawajulikani kwa kunyamaza.

Kwa nyumba yenye watu wanne au zaidi, keram, mchezo wa kupiga kete kwa kidole ziingie matundu ya pembeni mwa ubao, ndiyo inayofuata. Ubao wa mashindano una uwanja wa mraba wa sentimita 74 hivi kila upande, kete tisa nyeupe, tisa nyeusi, malkia mmoja mwekundu, na kete kubwa ya kupigia. Ubao mdogo wa watoto huwachosha watu wazima upesi, hivyo kama nafasi inaruhusu nunua mkubwa. Uweke mezani na usukume kete kubwa kutoka ukingo hadi ukingo: ikirudi mara kadhaa kwa mstari ulionyooka, plaiwudi ni nzuri, ikipinda njiani, ubao umebonyea, na hakuna poda ya kutelezesha kete itakayouponya. Wakazi wa pwani wauhifadhi mahali pakavu.

Dhumna yashika nafasi ya tatu bila maelezo mengi: vipande 28, wachezaji wanne katika timu mbili, kila mmoja akichukua saba. Nunua vipande vizito visivyoanguka vikisimamishwa. Drafti sikuipa nafasi kwa kuwa haihitaji kununuliwa. Miraba 64 iliyochorwa juu ya kadibodi na vizibo 24 vya soda, nusu yake vikiwa vimepinduliwa, vinatosha.

Nafasi ya nne huenda ikawashangaza wengi. Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, una vitabu vya Kiingereza tupu, lakini anayehitaji kuvisoma ni msimulizi peke yake. Wengine husikiliza, huamua wahusika wao watende nini, na hurusha dadu, na yote hayo huweza kufanyika kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni za msingi hupatikana bure kwenye intaneti kutoka kwa mchapishaji mwenyewe, kwa hiyo ununuzi wa lazima ni seti ya dadu saba tu. Usianze na vitabu vya gharama kubwa kabla ya kujua kama nyumbani kuna mtu mwenye kipaji cha kusimulia.

Catan, uliobuniwa na Mjerumani Klaus Teuber na kutolewa mwaka 1995, ni wa tano. Ni mchezo mzuri wa biashara na ujenzi kwa watu watatu au wanne, lakini kadi zake za maendeleo zina maandishi, na vipande vyake vidogo vikipotea huwa shida kuvipata. Nunua ikiwa wachezaji wako ni watu wazima watunzaji.

Wa mwisho ni Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi. Kati ya vigae vyake 100, K ni kimoja na U ni vinne, hivyo neno la kawaida kama kuku halijengeki bila kigae kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, huku Q na X zikibaki mkononi bila kazi. Inafaa tu kwa nyumba inayokusudia kuicheza kwa Kiingereza.