Uzoefu wangu wa nguo za watoto Kampala: Owino, Kiyembe na maduka ya simuni

Nianze na pasi, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi. Nguo iliyoanikwa nje, hasa kivulini au juu ya majani, inaweza kutagiwa mayai na nzi wa maembe. Mayai yakianguliwa, funza huingia kwenye ngozi ya mtoto na kutokeza jipu lenye kitundu katikati. Kinga ni pasi ya moto pande zote mbili, ukikazia kwenye pindo, mishono na kiuno chenye lastiki, maana huko unyevu hukawia kukauka. Sasa chukua gauni la neti lenye vimetameta vilivyobandikwa kwa gundi. Pasi ikiwekwa kwenye moto wa pamba italiyeyusha, na moto wa vuguvugu hautaua kitu. Kwa hiyo kote nilikonunua nimepima kwa swali hilo: nguo ni ya kipekee, sawa, lakini itastahimili pasi?

Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, bado ndiko penye nguo ambayo mtoto wa jirani hatakuwa nayo. Nguo mpya za Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, huja kwa dazeni, mtindo mmoja saizi tano, na Jumapili moja tu inatosha kuwakuta watoto watatu kanisani wamevaa gauni lile lile. Belo la mitumba ni tofauti: ndani yake kila kipande kimetoka kabati lake. Fika asubuhi belo linapofunguliwa. Muuzaji huchagua vile vizuri akavitundika kwenye henga, vinavyobaki vinamwagwa chini. Cha henga nimelipa kati ya shilingi 8,000 na 15,000. Cha lundo 1,000 hadi 3,000. Tofauti mara nyingi ni kunyooshwa tu, wala si ubora, kwa hiyo mimi huanza na lundo.

Usiangalie mbele ya nguo. Igeuze ndani nje. Vuta lastiki ya kiuno karibu na sikio kisha uiachie: ikitoa mlio wa kukatika-katika, mpira umekufa, na baada ya kufuliwa mara mbili suruali itakuwa inaburuzwa. Lastiki kubadilishwa si kazi kubwa, ila bei ishuke. Vifungo vya kubonyeza vifunge na kuvifungua vyote, kimoja kimoja. Kikicheza kwenye kitambaa, kitang'oka, na mahali pake pa kwanza pa kwenda ni mdomoni. Inua magoti na makalio ya suruali kwenye mwanga uone kama nyuzi zimelika. Kwenye soksi na mikono ya rompa, kata kila uzi unaoning'inia ndani. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga hubana damu hadi kidole kivimbe, na kwa kuwa umefichwa na soksi, mzazi hatambui mtoto analilia nini.

Majaketi mazuri ya kofia yana kamba shingoni. Vuta utoe, hata kama ndiyo inayolipa jaketi sura. Kanuni ya Ulaya ya EN 14682 hairuhusu kamba za kofiani na shingoni kwa watoto wa chini ya miaka 7, kwa sababu hunasa kwenye vitanda na bembea na kukaba. Yanayotufikia huku mengine ni ya zamani au ya nchi zisizofuata kanuni hiyo.

Madoa ya maziwa ni mtego mwingine. Kifuani nguo huonekana safi, lakini mabaki ya maziwa yaliyokauka zamani hugeuka manjano yakiguswa na moto. Loweka usiku kucha, fua, halafu ndipo upige pasi. Harufu ya naftalini nayo usiichukulie kuwa ni harufu ya usafi. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo nadra kwenye nchi za malaria, mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumletea manjano. Nguo inayonuka hivyo naiacha, au naifua na kuianika juani siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa.

Kuhusu saizi, amini sentimita, usiamini miezi. Lebo za Ulaya zilizoandikwa 62, 68, 74, 80, 86 ni urefu wa mtoto. Wa mwaka mmoja huwa karibu na 74 au 76, wa miaka miwili 86 hivi. Lebo ya Marekani ya 12M mara nyingi ni ya miezi 9 hadi 12, yaani akifikisha mwaka tu nguo inaacha kumtosha.

Kwa fundi ndiko nilikopata nguo bora kuliko zote, na ndiko pia zilikoharibika nyingi. Kiyembe kuna maduka ya vitambaa na mafundi wenye cherehani barazani, hivyo unanunua na kushonesha bila kupanda boda. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi. Yadi moja inatosha gauni la mtoto wa miaka miwili, yadi moja na nusu kwa wa miaka minne. Muuzaji atataka uchukue yadi 6 nzima, lakini wapo wanaokata. Vuta uzi mmoja pembeni uuchome: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta hujikunja ikawa shanga ngumu nyeusi. Hiyo ya shanga haikubali pasi ya moto, na mtoto hutoka jasho ndani yake. Maandishi ya ukingoni yanayosema ni waksi ya Uholanzi hayathibitishi chochote, kwani hata bandia zinayo. Geuza kitambaa: waksi halisi ina rangi kali pande zote mbili.

Chagua ua dogo. Kitenge chenye duara kubwa kama sinia hupendeza mama mtu mzima, lakini kifua cha mtoto kina upana wa sentimita 25 tu. Duara litakatwa na utabaki na kipande kisichoeleweka. Kipimo changu ni kwamba ua lisizidi kiganja cha mtu mzima. Kama kitenge kina ndege au kitu chochote chenye kichwa na miguu, chora mshale wa chaki upande wa nyuma na umwonyeshe fundi. Akitaka kubana kitambaa hukikunja na kukata vipande viwili kwa pande tofauti, na unaletewa gauni lenye ndege wima kifuani na ndege kichwa chini mgongoni. Ongeza robo yadi ili asiwe na sababu ya kubana.

Kabla ya kukata, loweka kitenge usiku mmoja, suuza mpaka maji yawe meupe, kausha, piga pasi. Nimepima yadi moja kabla na baada, ikapungua sentimita 3. Kwa mtu mzima si kitu. Kwenye kiuno cha mtoto ni saizi nzima. Chumvi ya kushika rangi ambayo kila mtu huishauri sijaona ikisaidia kitenge. Kusuuza ndiko kunakosaidia.

Kosa la kawaida kuliko yote ni shingo. Kitenge hakivutiki kama fulana, na mafundi waliozoea watu wazima hukata shingo kwa jicho. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kina mzunguko wa sentimita 46 hivi, wa miaka miwili 48, wakati shingo inayomkaa vizuri ni 30 na kitu. Gauni linakaa vizuri mezani, halipiti kichwani. Mwambie fundi aache mpasuko wa sentimita 10 mgongoni, ambao unaongeza karibu 20 kwenye mzunguko, na vifungo vitatu bapa badala ya zipu. Zipu ya chuma hubana ngozi ya mgongo na ncha yake huchoma. Suruali ipimwe mtoto akiwa na nepi, futi ipite kutoka kiunoni mbele, katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma, kisha iongezwe sentimita 4. Bila hizo, mtoto akichuchumaa mshono wa nyuma unaachana.

Dai bitana ya pamba nyepesi kifuani ili mishono ya ovaloki ifichwe. Uzi wa ovaloki hukwaruza kwapa, ndiyo maana mtoto analia akivalishwa nguo mpya na mnadhani ana deko. Pindo liwe la sentimita 6, utalishusha baadaye. Ushonaji nimelipia 15,000 hadi 25,000, nusu mwanzo, nusu baada ya kumvalisha mtoto palepale. Karibu na Krismasi na Idi peleka wiki tatu mapema, "kesho" ya fundi ni neno la adabu tu.

Gomesi ndogo, yaani gauni la kitamaduni la Buganda, za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) zinastahili neno lake. Vazi lenyewe lilianzia kwa fundi Mgoa aitwaye Gomes aliyewashonea wasichana wa Gayaza, na kwa mkubwa linahitaji kikoi ndani ili lisigande mwilini. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ondoa kikoi, mvalishe kaptula nyepesi ya pamba, na mshipi ushonewe kiunoni kabisa, ufungwe nyuma kwa velkro. Mshipi wa kufunga hufunguka mara tatu kabla wageni hawajaketi, na ncha yake inakanyagwa. Mabega yaliyochongoka yasijazwe sifongo. Kanzu za watoto zilizo tayari nyingi ni za poliesta. Kushonesha ya pamba na kutarizi ule mstari wa maruni kifuani hugharimu zaidi, lakini mvulana hataivua katikati ya sherehe.

Maduka ya simuni, yale ya picha na boda, yameniangusha zaidi ya yote. Gauni la 85,000 lilikuja likiwa na neti ngumu isiyo na bitana, tofauti na picha, na muuzaji akasema rangi ni mwanga wa kamera. Siku hizi naomba picha tatu: lebo ya kitambaa, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, na nguo imelazwa mezani futi ikiwa juu ya kifua. Pesa ya simu naituma boda akiwa mlangoni, nikishaishika nguo. Muuzaji anayejibu "nnyabo (mama), niamini tu" bila kutuma picha ya ndani, simwagizi.