Oili ya bodaboda: ipi ya kununua, ipi ya kuacha dukani

Dukani wengi tunaanza na bei. Mimi nageuza kidumu kwanza, nasoma mgongoni. Kwenye pikipiki kama Boxer, oili moja inalainisha injini na gia, na klachi nayo inaogelea humo humo. Ndiyo maana Wajapani walitoa kiwango cha JASO kwa ajili ya oili za pikipiki: MA na MA2 zinaacha klachi ishike, MB inateleza zaidi, hiyo ni ya skuta. Tafuta kiboksi kidogo kilichoandikwa MA katikati, na namba ya usajili juu yake.

Namba moja kwangu ni 20W-50 ya kawaida, isiyo sintetiki, yenye MA na daraja la SL kwenda juu la API, kipimo cha ubora cha Wamarekani. Boxer inaitaka hiyo, na bei yake haikufanyi uahirishe kumwaga. Hiyo 20W inahusu baridi ambayo Dar haijawahi kuiona. Ya kukuhusu wewe ni 50, uzito wa oili injini ikishachemka. Ila Honda nyingi za siku hizi zinataka 10W-30. Hapo fuata kitabu cha pikipiki, achana na ushauri wa kijiweni.

Ya pili ni nusu sintetiki, 10W-40 MA2. Inavumilia joto la foleni kweli kweli. Lakini kama injini yako tayari inakula oili, hela hiyo itatokea kwenye ekzosi.

Ya tatu, oili ya gari, ukiwa umekwama tu, na iwe 20W-50. Zile nyepesi za 5W-30 mara nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano.

Ya kupima kwenye chupa ya maji, hata bure sichukui.

Mkiani kabisa naweka dawa za kuongezea kwenye oili. Niliwahi kumimina moja niliyosifiwa na muuzaji. Siku ya tatu napanda Kimara na abiria, injini inalia, pikipiki haiendi: klachi imeanza kuteleza. Nikanunua plate mpya. Dawa zile nzito zinaficha moshi kwa muda, lakini ringi ya pistoni iliyolika haioti tena. Hata huko Marekani, mwaka 1997, tume ya biashara iliwabana wenye dawa ya oili iitwayo Slick 50 waache kutangaza kwamba inapunguza uchakavu wa injini bila ushahidi.

Kabla ya kulipa, kagua sili ya mfuniko. Ikiwa imelegea, rudisha. Na ukishamimina usiache kidumu kitupu gereji, kinaweza kurudi sokoni na oili chafu ndani. Mimi natoboa kitako kwa bisibisi pale pale. Kuna siku kijana wa gereji alinipa jero nisikitoboe.