Sabufa inaimba vizuri, lakini haizimiki

Niseme mapema kwamba mlio wa sabufa hii sina ugomvi nao. Besi imetulia, sauti ya mwimbaji haimezwi, na taarabu ya Ijumaa jioni hadi mtaa wa pili wanaifaidi. Habari za wati za spika na bluetooth ziko kwenye boksi, zisomeni huko. Mimi shida yangu ni ile taa nyekundu ya mbele.

Niliinunua Kariakoo mwaka jana, Idd ikikaribia. Haikupita muda mke wangu akaanza kulalamika kwamba LUKU inakwisha upesi. Nikasingizia pasi, nikasingizia watoto. Aliyenionyesha ukweli ni paka. Kila alfajiri nikiamka kuswali namkuta amejikunja juu ya sabufa, hata ukimfukuza anarudi palepale. Siku moja nikamwinua, nikaweka kiganja pale alipolala. Pana joto kama la chungu kilichoepuliwa muda si mrefu! Na sabufa yenyewe niliizima kwa rimoti tangu saa nne usiku.

Mimi ni fundi redio, zaidi ya miaka ishirini sasa. Nikachomeka kipimawati ukutani, kikaandika 11. Imezimwa, haitoi hata mkwaruzo, inakula wati 11. Kwa saa ishirini za kila siku ambazo hakuna anayeisikiliza, ni uniti 6.6 kwa mwezi. Sisi tuko D1, daraja la bei la nyumba zinazotumia umeme kidogo, uniti 75 za mwezi kwa Sh 100 kila moja kabla ya kodi, na ukivuka hapo kila ya ziada ni Sh 350. Nyumba yangu ilikuwa inaishia 70 hivi. Basi kilichotuvusha mstari ni kitu kilichozimwa.

Nikaifungua. Transfoma kubwa ya chuma imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Rimoti inachofanya ni kuinyamazisha aisii ya sauti, ile chipu inayokuza muziki, basi. Transfoma iko macho usiku kucha kwa ajili ya kulisha jicho la rimoti na taa moja. Tena wamebania shaba, mizunguko ya waya michache, kwa hiyo chuma kinajaa sumaku na kuchemka bure. Usiku watu wakilala volti zinapanda, ndiyo inazidi.

Nikairudisha dukani, sikutaka hata hela, nilitaka wamfikishie mwagizaji. Nikamwambia kijana, "Mwanangu, pawasaplai ya hii haijakaa sawa, ikizimwa inaendelea kula umeme." Hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, umekuja kununua muziki au kusoma mita?" Wateja wakacheka. Sijawahi kuvunjiwa heshima hivyo juu ya kitu nilichokilipia mwenyewe, na juu ya kazi ninayoijua. Kusoma mita ndiyo! Anayenunua uniti ni mimi.

Na wala si jambo lisilowezekana. Umoja wa Ulaya tangu 2013 wanataka kifaa cha nyumbani cha aina hii kikiwa standibai, yaani kimezimwa kwa rimoti tu, kisivuke nusu wati, na kikiwa na kioo cha kuonyesha maandishi kiliruhusiwa wati 1 hadi 2025. Kwa hiyo mbinu inajulikana, aliyetengeneza hii ameamua tu kwamba huku kwetu hakuna atakayepima.

Nimeitengeneza mwenyewe. Nilichukua bodi ya chaja ya simu ya volti 5, nikaipa kazi ya kulisha jicho la rimoti peke yake. Ukibonyeza, transista inaamsha rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, ndipo transfoma inapata umeme. Chaja nzuri isipokuwa na mzigo mkubwa haikimbii mfululizo. Inapiga mapigo machache, inasinzia, kapasita ikianza kupungua inapiga tena. Ukisikiliza usiku wa kimya, sikio karibu kabisa, unaisikia ikitikatika. (Asiye fundi asijaribu, umeme wa ukutani unaua.) Sasa kipimawati kinaandika 0.0. Sikiamini, vipimo hivi vya bei ndogo havioni sawasawa chini ya wati moja, lakini chuma kimepoa na LUKU imerudi ilipokuwa.

Nilikaa niandike msiinunue. Halafu jana ikaimba, na nikakubali kwamba kwa bei ile sijasikia besi kama hii. Nunueni, kama fundi wenu yuko karibu, au zimeni kwenye swichi ya ukutani kila mkimaliza. Lakini hapana, kadiri ninavyoandika hasira inapanda. Rilei, transista, bodi ya chaja, vyote ni hela ya chai, na wao wanatengeneza maelfu. Duka lile sirudi. Nyota mbili, zote za spika.

Paka amehamia juu ya king'amuzi. Nimeweka kiganja. Kesho nakifungua.