QO-100 au satelaiti za mzunguko wa chini?

Kwa mpenzi wa redio ya ridhaa, tofauti kubwa kati ya QO-100, kifaa cha kurusha upya mawimbi kilicho angani, na satelaiti za chini ni muda. Satelaiti ya chini, au kituo cha anga cha ISS kilicho kilomita 400 hivi juu, hukupitia kwa dakika kama kumi tu. Unaizungushia antena huku ukifukuza masafa. Kwenye 437 MHz masafa hayo huhama hadi kilohezi 10 hivi kila upande kwa sababu ya mwendo wake. Mnasalimiana, mnabadilishana alama za wito, imezama.

QO-100 haizami. Imo ndani ya Es'hail-2, satelaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018, na imekaa karibu nyuzi 26 mashariki, takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukishaelekeza dishi, limeelekea. Unarusha kwenda juu kwa 2400 MHz, unapokea kutoka juu kwa 10489 MHz na ushei, na kutoka Brazili hadi Thailand watu wanakusikia kwa wati chache. Hapo mtu anaweza kuzungumza kweli, si kutaja alama ya wito na kukimbia. Sauti yako mwenyewe hukurudia baada ya robo sekunde, na sharti uisikilize: usipite nguvu ya mnara wa ishara (ishara ya kulinganishia inayosikika kutoka satelaiti), maana unawanyima wengine nafasi.

Kasoro yake ni vifaa. LNB ya kawaida ya televisheni, yaani kipokezi kilicho mbele ya dishi, huyumba masafa inapopata joto, hivyo huhitaji chanzo thabiti cha masafa cha kulinganishia. ISS hutosheka na redio ya mkononi na antena nyepesi.

Aliye Amerika Kaskazini hana la kuchagua: QO-100 haifiki huko.