Kubadili jina la seva ya VPS: tathmini ya huduma tunayoitumia Mbeya

Kampuni inayotukodishia seva ya VPS (seva pepe, yaani sehemu ya kompyuta kubwa inayotumika kama seva kamili), ambayo sitaitaja kwa kuwa sehemu ya tathmini hii ni lawama, inafanya vizuri karibu kila jambo isipokuwa moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizii kabla ya kulipa, nalo ni kumwezesha mteja aipe seva yake jina analolitaka na jina hilo libaki.

Ofisi yetu iko Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kazi yake kubwa ni kutunza mifumo ya mauzo ya vyama vya ushirika vya kahawa vya Mbozi na ya wanunuzi wa parachichi wa Rungwe. Kwa kazi ya namna hiyo kampuni hii inafaa sana. Malipo hufanyika kwa shilingi kupitia simu, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hutolewa bila kudaiwa mara mbili, jambo ambalo wahasibu wa ushirika hulisisitiza, na kwa sababu mitambo yake iko Dar es Salaam, mtu anayeingia kwenye seva kutoka huku nyanda za juu huona kila herufi papo hapo anapoiandika. Kuhusu kasi na uthabiti sina la kulalamikia.

Shida huanzia kwenye jina. Seva mpya hukabidhiwa ikiwa na jina lililoundwa na mashine, mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiomwambia mtu lolote. Ndani ya paneli, yaani ukurasa wa kampuni wa kusimamia seva, kuna kisanduku cha kubadilisha jina, na mteja akiandika jina jipya na kuhifadhi, paneli humwonyesha kwamba mambo yamekamilika. Lakini akiingia ndani ya seva na kuandika amri ya hostname, inayouliza jina la seva, hujibiwa kwa jina lilelile la zamani. Kisanduku kile hubadilisha tu lebo inayoonekana kwenye orodha ya huduma na kwenye ankara. Kasoro hii si ndogo, kwa sababu paneli inatoa ahadi ambayo seva haina habari nayo.

Kwa hiyo kazi yenyewe hufanyika ndani ya seva. Kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu, amri ya hostnamectl set-hostname ikifuatiwa na jina jipya hubadilisha jina mara moja bila kuwasha upya, ingawa mstari wa amri utaendelea kuonyesha jina la zamani hadi mtu atoke na kuingia tena. Baada ya hapo ni lazima kurekebisha faili la /etc/hosts, linaloorodhesha majina na anwani zake, katika mstari unaoanza na 127.0.1.1, ili seva iweze kulitambua jina lake yenyewe. Usipofanya hivyo, amri ya sudo, inayompa mtu mamlaka ya msimamizi, itaanza kulalamika kwamba haiwezi kumpata mwenye jina hilo.

Hapo ndipo wateja wengi wa kampuni hii hudhani wamemaliza, kisha seva ikiwashwa upya wanakuta jina la zamani limerudi. Anayelirudisha ni cloud-init, programu inayoiandaa seva kila inapowaka, na mfumo endeshi ambao kampuni huuweka umeiachia programu hiyo mamlaka yote. Dawa yake ni kufungua /etc/cloud/cloud.cfg, kuweka preserve_hostname iwe true na manage_etc_hosts iwe false, ili programu hiyo isiguse jina wala faili la /etc/hosts. Kwa haki ya kampuni, niseme kwamba juu kabisa ya faili la /etc/hosts kuna maelezo yanayotahadharisha kwamba mabadiliko ya faili hilo yanaweza kupotea seva ikiwashwa upya, lakini yameandikwa na watengenezaji wa cloud-init. Mwongozo wa kampuni yenyewe, ambao kwa mambo mengine umeandikwa kwa Kiswahili kizuri, haugusi suala hilo hata kwa sentensi moja.

Kuhusu jina lenyewe, herufi, tarakimu na kistari vinaruhusiwa, mstari wa chini hauruhusiwi, na kila sehemu kati ya nukta haipaswi kuzidi herufi 63. Waraka wa RFC 1178 wa mwaka 1990, mojawapo ya nyaraka za kiufundi za intaneti, unashauri seva isipewe jina la mradi unaoendeshwa ndani yake, na ushauri huo bado una maana, kwani mradi wa kahawa wa leo unaweza kuhamishiwa seva nyingine msimu ujao. Sisi tunatumia majina ya milima: Loleza, Rungwe, na kwa seva ya nakala rudufu, Mbeya.

Mteja anayeendesha tovuti peke yake anaweza kuyapuuza haya yote, kwa sababu tovuti huitikia jina la kikoa ambalo kivinjari kimeliomba, si jina la seva. Barua pepe haziko hivyo. Postfix, programu ya kutuma barua pepe, usipoielekeza vinginevyo, hujitambulisha kwa jina la seva, na upande unaopokea huangalia kama anwani ya IP iliyotuma ina rekodi ya PTR, yaani rekodi inayoonyesha jina la anwani hiyo, na kama jina lililomo katika rekodi hiyo linarudi kwenye anwani ileile. Tangu Februari 2024 Google imelifanya hili kuwa sharti kwa wote wanaotuma barua kwenye akaunti za Gmail. Taarifa za bei zilizotoka kwenye seva yenye jina la mashine ziliishia katika barua taka za wanunuzi.

Rekodi ya PTR iko mikononi mwa mwenye anwani za IP, yaani kampuni, wala haiwekwi kwa msajili wa kikoa. Paneli yao haina sehemu ya kuiweka, hivyo mteja hulazimika kufungua tiketi. Mhudumu wa kwanza alijibu kwa adabu, «Ndugu mteja, tafadhali iongeze kwenye kikoa chako», jibu ambalo si sahihi. Tiketi ilipofikishwa kwa fundi wa mtandao, ilishughulikiwa vizuri na barua zikaanza kufika kunakostahili.

Nitaendelea kuwalipa, lakini anayetaka seva ya barua pepe na hana mtu wa kuhangaika na tiketi, atafute kampuni inayoweka PTR ndani ya paneli. Atakayebaki na hii, atangulize rekodi ya A, inayoelekeza jina kwenye anwani ya IP, ya jina kamili la seva (pamoja na kikoa) kwenye kikoa chake, kisha aandike katika tiketi moja anwani ya IP, jina hilo kamili, na ombi la wazi kwamba ipelekwe kwa fundi wa mtandao. Aitume siku ya kazi asubuhi, kwa maana mwishoni mwa juma mafundi hao hawapo na anayejibu ni yule mhudumu wa kwanza.