Uzoefu wangu: nilivyomtafuta Nora wa Kerry, kwa kulipa na kwa bure

Nora Sullivan ni nyanya wa mavyaa wangu, aliyehamia Marekani kutoka Kaunti ya Kerry, Ireland. Nianze na pesa, maana ndizo zilizoniuma. Nililipa dola 280 kwa kampuni moja ya mtandaoni inayojitangaza kuwa inawatafutia Wamarekani wenye asili ya Ireland kijiji walichotoka wazee wao. Baada ya wiki sita nikaletewa ripoti ya kurasa 14. Jalada lilikuwa na ngao ya rangi, ile ya kuonyesha ukoo, wanyama wamesimama kwa miguu ya nyuma, chini yake neno Sullivan kwa maandishi ya kujipinda. Ndani walikuwa wameniletea Nora Sullivan aliyezaliwa Kaunti ya Cork mwaka 1869. Nilipomtafuta mwenyewe kwenye sensa ya Ireland ya 1901, jambo lililonichukua kama dakika tano, nikamkuta yule Nora wao yuko kwa babake, hajaolewa. Wetu mwaka huo alikuwa Lowell, Massachusetts, na watoto watatu.

Na ile ngao? Kwa sheria ya huko ngao hutolewa kwa mtu na kizazi chake, haitolewi kwa kila anayeitwa Sullivan. Ni sawa na kuniuzia kanga ukaniambia ni cheti cha ndoa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Lowell mwaka wa 12 sasa, nahudumia wazee zamu ya usiku. Mume wangu ni mzaliwa wa hapa hapa. Utafutaji huu ulikuwa zawadi ya mavyaa wangu alipotimiza miaka 83. Alichokijua ni kwamba nyanya yake mzaa mama aliitwa Nora, alikuja akiwa msichana, alifanya kazi za ndani Boston kisha kiwanda cha nguo Lowell, na akiulizwa habari za kwao alikuwa anasema mvua nyingi, basi. Wanangu upande wangu nawahesabia wazee mpaka wanasinzia. Upande wa baba yao tulikuwa tunafika kwa Nora, tunagonga ukuta.

Kosa langu la kwanza, na naona wengi wanalirudia, lilikuwa kukimbilia Ireland. Nchi yenyewe ni ndogo, kaunti 32 ukihesabu na zile sita za kaskazini zilizobaki chini ya Uingereza, lakini imegawanywa vitongoji zaidi ya 60,000, na vingi vinafanana majina. Kuulizia Nora Sullivan wa Kerry au Cork bila parokia ni kama kushuka feri Likoni ukaulizia nyumbani kwa Bi Fatuma. Tena jina lenyewe halitulii. Nora wa Lowell kanisani kwao ni Honora, kwa karani ni Hanora, na kwa padri anayeandika Kilatini hata ndugu zake wa kiume wanageuka, James anakuwa Jacobus, William anakuwa Gulielmus.

Kwa hiyo parokia itafute Marekani kwanza. Hapa nawapa FamilySearch nyota tano bila kusita. Ni tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, ya kanisa la Wamormoni, kujiandikisha ni bure, na hawajawahi kunibishia hodi wanihubirie. Sensa ya Marekani ya 1900 imeuliza kila mgeni aliingia mwaka gani, na kwa Nora imeandikwa 1885. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921. Massachusetts imekuwa ikisajili vizazi, ndoa na vifo jimbo zima tangu 1841, na kwenye ndoa ya Nora ya 1892 nilipata kitu cha thamani sana: baba Daniel Sullivan, mama Mary Shea. Jina la mama kabla ya kuolewa! Bila hilo nisingetoka kwenye msitu wa Sullivan.

Ila mahali pa kuzaliwa pameandikwa Ireland tu. Cheti cha kifo, Ireland tu. Karatasi za uraia za mumewe, Ireland tu. Hizo za uraia za kabla ya 1906 usizitegemee sana, nyingi hazitaji kijiji. Hapo ndipo niliponunua ile ripoti, kwa kukata tamaa.

Kilichotukwamua kilikuwa kopo la biskuti. Mavyaa alikuwa anatafuta vifungo, akakuta kadi ya mazishi ya Jeremiah, kakake Nora, amezikwa St. Patrick, makaburi ya Wakatoliki wa Lowell. Jumapili nikatoka kazini asubuhi, hata kulala sijalala, tukaenda na mume wangu, ufagio laini na chupa ya maji. Jiwe limekula ukungu, maandishi huyaoni ukisimama mbele yake. Ujanja niliouona mahali ni kuwasha tochi ya simu ukaishika ubavuni mwa jiwe, mwanga upite kwa mshazari, herufi zitoke kwa vivuli vyake. Mume wangu akashika simu, mimi nikapiga magoti kwenye nyasi zenye umande nikawa nasoma herufi mojamoja. T. U. O. Nikadhani nimekosea. S-I-S-T. Mzaliwa wa parokia ya Tuosist, Kaunti ya Kerry. Hii ilikuwa bure, na ni kilomita tatu kutoka nyumbani kwangu.

(Nikiwa pale nilitembea kidogo katikati ya mawe ya zamani. Wengi wao wamechongewa kaunti walizotoka. Mwaka 1822 mtu aitwaye Hugh Cummiskey alitembea kwa miguu na wanaume 30 kutoka Charlestown kuja kuchimba mifereji ya viwanda hapa, na kanisa lao la St. Patrick lilifunguliwa 1831 kwenye mtaa wa Acre. Leo Wakenya tumejaa Lowell kiasi kwamba kupata unga wa ugali si shida. Kwa hiyo mji huu umezoea watu wanaoulizana wewe wa wapi kule.)

Ukishapata parokia, Ireland inafunguka, na inafunguka bila kulipa. Tovuti ya serikali yao, irishgenealogy.ie, inakuonyesha picha ya ukurasa wenyewe wa daftari: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75, vifo vilivyopita 50. Usajili wa kila mtu ulianza 1864, hivyo Nora wa 1867 alikuwemo. Kwa Kerry wameweka pia orodha za ubatizo za Kikatoliki, unatafuta kwa jina. Kaunti nyingine nyingi utaenda kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland, ambako daftari za parokia zimewekwa tangu 2015, lakini pale hakuna kutafuta kwa jina, unafungua picha baada ya picha kama mtu anayetafuta jina lake kwenye gazeti la matokeo ya mtihani. Nyingine zimefifia, nyingine padri alikuwa na haraka. Nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya macho yangu.

Nora alinichekesha. Kanisani alibatizwa Februari 1867. Serikalini alizaliwa Machi 1867. Alibatizwa kabla hajazaliwa! Kumbe ukichelewa kusajili mtoto ulikuwa unatozwa faini, basi wazazi walisogeza tarehe mbele ili wasilipe. Ukikuta tarehe mbili zinagombana, ya kanisa ndiyo ya kuaminiwa.

Mtu ataniuliza kwa nini nisianze na sensa za zamani zaidi. Hazipo. Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, jengo la kumbukumbu kwenye Four Courts mjini Dublin liliteketea, na sensa za 1821 mpaka 1851 zikaenda karibu zote. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Daftari nyingi za Wakatoliki zilisalimika kwa sababu zilikuwa parokiani. Kampuni yoyote ikikuahidi sensa kamili ya Ireland ya wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, funga pochi yako.

Badala yake kuna kitabu cha kodi ya ardhi, Griffith's Valuation, kilichochapishwa kati ya 1847 na 1864. Kiko bure askaboutireland.ie pamoja na ramani. Kwa sababu Sullivan ni wengi kitongoji kimoja, karani aliongeza jina kwenye mabano, na mara nyingi ni jina la baba. Nilimkuta Jeremiah Sullivan (Dan). Mtu wa pwani haelezwi mara mbili, huyo ni Jeremiah wa Dan, kama sisi tunavyosema Ali Omari. Na kawaida yao mtoto wa kiume wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba. Nikakisia huyo ndiye babake Daniel, maana Daniel babake Nora alimpa mwanawe wa kwanza jina Jeremiah, yule yule wa jiwe la Lowell. Ushahidi wa mahakamani huo siwezi kuuita, lakini mimi umenitosha.

Kipimo cha DNA tulinunua kikiwa na punguzo, mavyaa akatema mate kwenye kichupa huku akilalamika. Ramani ya asili waliyotupa haikusema kitu ambacho jina Sullivan halikuwa limesema. Faida ilikuwa kwenye orodha ya jamaa: watatu wana wazee waliokwenda Butte, Montana. Nilishangaa mpaka nilipojifunza kuwa watu wa rasi ya Beara, ambako Tuosist iko, waliifuata shaba Butte kwa sababu upande wa pili wa rasi, Allihies, walikuwa wameshazoea machimbo ya shaba. Mmoja alinijibu kwa adabu, wawili kimya. Nyota tatu.

Nilichokipenda kuliko vyote ni sensa za 1901 na 1911, ziko bure kwenye Nyaraka za Taifa za Ireland, fomu zenyewe. Daniel na Mary bado wako Tuosist. Kuta za mawe, paa la nyasi, madirisha ya mbele yamehesabiwa. Lugha, Kiairishi na Kiingereza. Kusoma, hawezi, na mahali pa sahihi ni alama ya X. Mwaka 1901 Daniel ana miaka 60, miaka kumi baadaye ana 75. Usidhani umepata mtu mwingine. Tangu Januari 1909 wazee wa miaka 70 walianza kulipwa pensheni, na ghafla nchi nzima ikazeeka.

Fomu ya 1911 iliuliza pia wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Nilimchapishia mavyaa karatasi kubwa, nikaiweka mezani jikoni kwake kando ya chai. Akapitisha kidole kwenye mstari wa Mary, akasimama kwenye zile tarakimu mbili: 10, na 6. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, "Umewapata wote?"

Nikamwambia nimepata ubatizo wa tisa. Akahesabu majina kwenye orodha yangu mara mbili, akaniambia, "Basi amebaki mmoja. Mtafute." Nimeomba ruhusa Alhamisi. Parokia ya jirani ni Kenmare, na daftari zake bado sijazimaliza.