Huduma ya kuongoza kikao cha kusikilizana parokiani, Kisumu na Magharibi: tathmini

Huduma hii ni ya wawezeshaji wanaokuja parokiani kwa siku moja kuongoza Mazungumzo katika Roho, mtindo uliotumika Roma kwenye vikao vya Sinodi ya Maaskofu vya Oktoba 2023 na Oktoba 2024. Tunaipendekeza sana kwa mabaraza ya parokia, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Ila paroko asiyekusudia kuwarudishia waumini majibu asiwaite wawezeshaji kabisa.

Watu huketi kwa makundi ya 6 hadi 8. Raundi ya kwanza kila mmoja husema kwa dakika 4 na hakuna anayemjibu. Hufuata kimya cha dakika 3. Raundi ya pili, dakika 3 kwa kila mtu, huelezi tena mawazo yako bali neno la mwenzako lililokugusa au kukusumbua. Kimya tena. Raundi ya tatu ni ya wote: tumekubaliana wapi, tumetofautiana wapi, hatua gani ichukuliwe. Kwa kundi la watu 8, na dakika 40 za raundi ya mwisho, swali moja linakula saa moja na dakika 42. Kwa hiyo siku nzima inatosha maswali mawili. Parokia inayoleta matano itaishia kufupisha kimya, na kimya kikifupishwa kinachobaki ni mkutano wa kawaida wenye sala mwanzo na mwisho.

Raundi ya pili ndiyo inayoharibika. Watu huitumia kumalizia hoja yao ya kwanza, hasa wale waliozoea kushika maikrofoni. Hapa wawezeshaji hawa ni hodari: humkatiza mtu kwa upole na kumuuliza, "Umesikia nini kwa mama aliyekaa kushoto kwako?" Pia huanza na kijana na kumwacha mzee au mwenyekiti azungumze mwisho. Mzee akitangulia, heshima huwafanya wengine warudie maneno yake, na karatasi ya mwandishi wa kundi itaonyesha umoja ambao haupo. Paroko huwekwa kundi lisilo na makatekista wake, jambo jema sana.

Udhaifu uko kwenye uandishi. Kundi linazungumza Dholuo au Kilogooli, mwandishi anaandika Kiingereza moja kwa moja, na malalamiko makali ya akina mama yanageuka sentensi laini. Dawa yake ni rahisi: andikeni kwa lugha iliyosemwa, someni kwa sauti mbele ya kundi, mrekebishe, ndipo itafsiriwe. Dai hili mapema, kwa sababu wao hawalifanyi wenyewe.

Siku ya kiekumene, yaani ya kukutana na Wakristo wa makanisa mengine, ni huduma yao ya pili, nayo inahitaji maandalizi zaidi. Ratiba waliyozoea huanza na Misa. Hilo ni kosa: wakati wa Komunyo wageni hubaki kwenye viti, na siku iliyokusudiwa kuwakutanisha watu huanza kwa kuwatenga. Ibada ya Neno inafaa zaidi, masomo yakigawanywa kwa wageni. Kosa la pili ni kupanga kikao Jumamosi. Wasabato ni wengi Kisii, Nyamira na upande wa Kendu Bay, ambako misheni yao ya Gendia ilianza mwaka 1906. Jumamosi inawafungia mlango. Alasiri ya katikati ya wiki au siku ya mapumziko ya kitaifa ni bora. Orodha ya waalikwa nayo ina Waanglikana wa Maseno na Marafiki (Quakers) wa Kaimosi, lakini haina Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao ni ndugu wa damu wa waumini wengi wa Nyanza. Mazungumzo yanayokwepa jeraha la nyumbani hayajakamilika.

Pale Marafiki wanapokuwepo, wapewe nafasi ya kueleza wanavyofanya uamuzi. Mikutano yao ya shughuli za kanisa haipigi kura. Karani hutafuta mahali ambapo mkutano umeafikiana, na pasipo muafaka jambo husubiri. Raundi ya tatu inakaribia sana desturi hiyo, na Wakatoliki wana mengi ya kujifunza hapo. Hata Sinodi kule Roma iliketi na wajumbe wa makanisa mengine ukumbini.

Sasa suala la majibu. Kanuni ya 536 ya Sheria za Kanisa inalipa baraza la kichungaji la parokia kura ya ushauri tu, kwa hiyo paroko hafungwi na kilichosemwa. Lakini Hati ya Mwisho ya Sinodi, ya 2024, ambayo aya zake 155 zilipigiwa kura moja moja, inasisitiza kwamba mabaraza haya yawe ya lazima, na kwamba wenye mamlaka wawajibike kwa wale waliowasikiliza. Wawezeshaji humkabidhi paroko ripoti, wakaondoka. Hilo halitoshi. Kabla ya kukubaliana, wekeni tarehe ya kikao cha marejesho ndani ya siku 60, ambapo paroko ataeleza kila pendekezo: limekubaliwa, limekataliwa na kwa nini, au linahitaji uamuzi wa askofu. Nakala ibandikwe kila kigango, si parokiani pekee.

Mambo madogo: ombeni ukumbi wenye viti vya plastiki, kwa maana mabenchi ya kanisani hayageuzwi kuwa duara. Maikrofoni haihitajiki. Michango na matangazo ya harambee yasubiri Jumapili. Na Kisumu, maswali yote mawili yaanze asubuhi mapema, kwani mvua ya alasiri ikishapiga mabati hakuna anayemsikia mwenzake.